Gari Nyekundu ya Baba Yasmine

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 8 mwezi wa kenda

Bwana yangu Issaka amerudi leo kutoka Beni. Alienda kununua Hiace ya kubebea vitenge vyangu mpaka soko ya Kimemi, hapa Butembo. Amerudi na gari nyekundu ya milango mbili.

Nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba. Nikasikia batoto ba jirani banapiga kelele, nikatoka na mutwangio mukononi. Gari ni ya chini sana. Kuku yetu ilisimama kando yake ikaangalia sawasawa mu dirisha. Ni gari ya mashindano ya Wajapani, ya miaka ile mutoto wetu Yasmine hajazaliwa bado, usukani uko kwa kuume, na mataa ya mbele yanalala ndani ya capot, kile kifuniko cha moteur. Issaka akabonyeza kifungo, mataa yakaamuka. Batoto bakapiga makofi. Akabonyeza tena, yakalala. Alifanya vile mara nyingi kuliko inavyofaa mwanaume wa miaka makumi sita.

"Mama Yasmine," akasema, "miaka makumi tatu nimebeba viazi vya batu mu camion. Hii haitabeba hata kiazi kimoja."

Nikamujibu kwamba naona, kwa sababu hakuna mahali pa kukiweka.

Siku ya tatu, tarehe 10

Mvua tangu saa ya magharibi. Mizigo yangu ililowana juu ya pikipiki ya kukodi. Gari nyekundu ilikaa chini ya bâche, turubai yake mupya, kavu kama bibi-arusi.

Tarehe 11

Issaka ameosha gari. Ilikuwa safi.

Siku ya kwanza, tarehe 15

Jana mvua ilimukuta Issaka njiani, akarudi nyumbani na taa moja. Ile ya kushoto iliamuka, lakini haikuwaka. Gari ikaonekana kama mutu anayefungua jicho moja kuangalia kama bageni bameisha kwenda.

Leo akaipeleka garaji ya Mususa, kwa fundi Ananie. Ananie ni mutu mwembamba, wa maneno machache, anafanya kazi ya umeme ya magari tu. Ukimuletea breki anakutuma kwa jirani yake. Alitoa ampoule, ile balbu ya taa ya kushoto, akaweka mupya. Taa ikawaka. Issaka alirudi akiimba.

Siku ya tano, tarehe 19

Mvua ya asubuhi, na taa ya kushoto imekufa tena. Issaka hakuweza kuipeleka garaji kabla ya sala ya adhuhuri, na baada ya sala akakuta Ananie anafunga garaji. Ananie ni Mwadventiste: siku ya tano jua likianza kuinama anaweka vyombo chini, na siku ya posho yote, Sabato yake, hagusi hata tournevis. Basi gari itangoja mpaka kesho kutwa, siku ya yenga. Issaka analalamika kwamba fundi anasali sana. Nikamuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi saa sita.

Siku ya tatu, tarehe 24

Safari hii Ananie alibadilisha fusible, kile kipande kidogo kinacholinda waya. Taa ikawaka vizuri siku mbili zote. Ni kweli pia kwamba siku hizo mbili kulikuwa jua, lakini hakuna mutu aliyefikiri juu ya jua.

Siku ya ine, tarehe 2 mwezi wa kumi

Niandike kidogo juu ya mupangaji wetu. Anaitwa Delphine, ni mwalimu wa fizikia, Serikali ilimutuma huku kutoka Mbandaka. Anakaa mu chumba cha kando ya geti tangu mwaka uliopita. Anapita asubuhi na cartable yake ya vitabu, shingo imenyooka, anatikisa kichwa tu. Hakuna "jambo", hakuna "mulilala aje". Mama wa nyumba ya tatu anasema ni majivuno ya batu ba mutoni, kwao Mbandaka. Mimi sikusema kitu, lakini nilikubali.

Mvua. Taa ya kushoto, hapana.

Siku ya ine, tarehe 9

Issaka amekasirikia gari, anasema hataki hata kuiangalia. Na mimi Kimemi sikuuza kitu, mvua ilijaza barabara. Basi nikapanda kando yake, nikamuambia twende Mususa, leo na mimi nitasikia kwa masikio yangu huyu fundi anasema nini.

Nilikaa pale juu ya tairi mpaka magharibi. Sikuchoka. Ananie ana kitu kidogo anachoita lampe-témoin: ni ampoule ndogo yenye waya mbili. Anagusa hapa, inawaka, basi courant, yaani umeme, imefika. Anagusa kule, haiwaki, basi imepotelea katikati. Ni kama kutafuta mahali bomba la maji limetoboka. Baada ya muda na mimi nikawa nainamisha shingo kuona kama itawaka.

Na niliona kitu. Issaka alipowasha clignotant ya kushoto, ile taa ndogo ya kuonyesha unakata kona, taa kubwa ya kushoto nayo ikaanza kukonyeza pamoja nayo, pole pole, kama mulevi. Nikamuonyesha Ananie. Alisimama muda mrefu akiangalia. Akasema, "Mama, hii sijaipenda." Kwa Ananie, hiyo ni hotuba.

Alifungua waya ya masse karibu na ile taa, yaani waya inayorudisha courant mu mwili wa gari. Akaisugua mpaka ikang'aa, akaifunga. Taa kubwa ikaendelea kukonyeza pamoja na clignotant. Mvua ikaanza, tukarudi nyumbani.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Leo ni siku ya ajabu kidogo.

Nilikuwa namuelezea Issaka tena habari ya kukonyeza, mu kiwanja, kwa mikono na kwa macho. Mwalimu Delphine alikuwa anapita. Akasimama. Akauliza, kwa Kiswahili cha kuchagua neno moja moja, kama taa inakonyeza pia wakati gari imesimama. Nikasema ndiyo. Akaingia chumbani, nikafikiri ameisha kuchoka na sisi. Akatoka na kipimo cha volti cha maabara ya shule, ndani ya soksi.

Alituambia hivi: courant ikitoka ku batri lazima irudi kwao. Njia yake ikifungwa, inapita mu nyumba ya jirani. Ya taa kubwa imefungiwa njia, inapita kwa clignotant, njo maana zote mbili zinateswa pamoja. "Masse," akasema. "Lakini masse ingine. Haiko ile fundi alisafisha."

Kesho ataenda na sisi Mususa baada ya masomo.

Siku ya pili, tarehe 14

Nilidhani Ananie atakasirika kuona mwalimu na soksi yake. Hapana. Alimupisha, akamushikia upande mumoja wa waya, na bakafanya kazi kichwa kwa kichwa ndani ya capot kama batu bawili banaokula sahani moja. Ananie alijua gari, Delphine alijua hesabu. Pale kipimo kilipaswa kuonyesha sifuri kilionyesha volti tatu. Ananie akasema kuna mahali pamoja tu hajaangalia, kwa sababu inaomba kutoa batri na kibati chake chote. Akatoa. Chini yake kulikuwa bulon moja ya kufungia waya, imekuliwa na kutu, waya imekaa juu yake kama jani kavu. Kila mvua, maji yanashuka pale.

Alikwangua mpaka chuma cheupe, akaweka bulon mupya, akapaka mafuta. Clignotant ikakonyeza peke yake. Taa ikasimama imara. Ananie akamwaga ndoo ya maji juu ya capot kwa makusudi, na taa ikaendelea kuwaka. Nikapiga kigelegele, pale katikati ya garaji, mimi niliyeichukia ile gari.

Njiani nikamuuliza Delphine kwa nini hatusalimii nyumbani. Akaniambia kwamba juma lake la kwanza Butembo alijifunza kusalimia kwa Kinande, lugha ya hapa. Akaenda soko jioni, akasema "wavukire" kwa kila mama, kwa furaha. Wavukire ni ya asubuhi. Soko yote ilicheka, na yeye hakujua banacheka nini. "Toka siku ile, mama, naogopa kukosea. Natikisa kichwa. Kichwa hakikosei."

Nilijisikia mudogo sana juu ya kiti cha nyuma. Ni kweli kwamba kile kiti kinamufanya kila mutu kuwa mudogo.

Siku ya tano, tarehe 17

Kesho Beni, kumuona Yasmine. Aliolewa kule, mutaa wa Bungulu, miaka miwili iliyopita, na ni mutoto wetu wa pekee. Nimepika mandazi.

Siku ya yenga, tarehe 19

Jana sikuweza kuandika. Naandika leo.

Kwenda kulikuwa kuzuri. Yasmine ana afya, mama mukwe wake alituchinjia kuku, Issaka alionyesha mataa kwa mutaa wote. Tulichelewa kutoka kwa sababu ya ile michezo yake. Tulipopita Maboya, mbingu ilikuwa imeisha kushuka juu ya milima, na mvua ikaja pamoja na ukungu. Ilikuwa mapema bado, lakini mutu angesema ni usiku.

Issaka aliwasha. Mataa yote mbili yaliwaka vizuri, niliyaona mimi mwenyewe mbele yetu, meupe, yanagonga ukungu. Hata hivyo Issaka alianza kuendesha vibaya. Aliinama mbele mpaka paji la uso likaribie kioo. Mara mbili alienda kwa kushoto bila sababu. Camion ikatokea mbele na mataa yake, na Issaka akainua mukono mbele ya uso na kuachilia gari ijielekeze. Tairi la upande wake likaingia mu mufereji, likatoka. Nilisema "Baba Yasmine." Akasema ni ule dereva anamulika vibaya. Nikakubali. Batu benye camion banamulika vibaya, kila mutu anajua.

Tulikuwa tunashuka mulima karibu na Kabasha nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Halafu mataa yakazimika. Yote mbili. Si kama taa moja inayokufa. Ni kama mutu amefunga mulango wa dunia.

Issaka alisimamisha gari pale ilipokuwa. Upande wa mulima tulisikia maji, upande mwingine hatukusikia kitu, na hicho njo kilichoniogopesha. Hatungeweza kubaki, kwa sababu camion ikija nyuma haitatuona, na barrière ya askari kule mbele ingefungwa kwa usiku. Hatungeweza kwenda. Nilishuka. Nikatoa ku kifurushi kitenge cheupe cha maua nilichotaka kumupa Yasmine nikasahau, nikasimama nyuma ya gari mu mvua nikikipepea.

Ya kwanza kufika ilikuwa camion ya mbao. Nilisikia breki zake, nikamuita Mungu wangu, nikaendelea kupepea. Ilisimama. Dereva alikuwa Eliezer, mutu wa Mutwanga, anamujua Issaka tangu zamani. Hakucheka hata kidogo. Akasema atapita mbele, pole pole, na sisi tufuate mataa yake mekundu ya nyuma, na kila atakapogonga breki na sisi tugonge.

"Issaka, unaona mataa yangu?" akauliza kabla ya kupanda camion yake.

"Naona," akasema Issaka.

Lakini mu njia ni mimi niliyekuwa nasema: sasa kuume, sasa kushoto, sasa breki, karibia kidogo, acha. Na yeye alifanya kila nilichosema, bila kujibu hata neno, yeye ambaye mu gari hajawahi kuniachia kuchagua hata redio. Tulifika barrière bakiwa banaanza kuteremusha muti. Askari mukubwa pale, lieutenant Grady, muzaliwa wa magharibi ya inchi, alizunguka gari yetu na tochi, akauliza mataa iko wapi. Issaka akabonyeza kifungo. Mataa yakaamuka, meusi, yakalala. Grady akasema kwa Kilingala kitu ambacho Eliezer alikataa kunitafsiria, halafu akatufungulia njia.

Nyumbani nilipika chai. Issaka alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilimuambia gari hii inaenda kuuzwa. Akasema, "Ukitaka." Sijazoea akinikubalia haraka vile.

Siku ya kwanza, tarehe 20

Sikuiuza. Nataka kwanza kujua ni nini iliungua. Nafikiri ugonjwa wa Ananie umeniingia.

Siku ya ine, tarehe 23

Ananie amefungua chini ya usukani. Kifungo cha kuwashia mataa kimeyeyuka ndani, vile vipande vya shaba vimekuwa vyeusi kama makaa. Akaangalia ampoules, akaguna. Mwenye gari wa zamani aliweka ampoules za nguvu sana, za kushindana na jua. Courant yote ya nguvu ile ilikuwa inapita ndani ya kifungo kidogo kama kidole cha mutoto. Na hapa akanionyesha kitu kingine: wakati masse ilikuwa mbovu, taa ya kushoto ilikula kidogo. Tulipoitengeneza, ikaanza kula yote. Kazi yetu nzuri njo ilimaliza kifungo.

"Zilikuwa magonjwa mawili," akasema Ananie. "Moja ilikuwa inaficha ingine."

Siku ya ine, tarehe 30

Imeisha. Ananie ameweka relais mbili, vijumba vidogo vyeusi karibu na batri. Sasa kifungo kinatoa amri tu, na courant kubwa inapita njia yake, mu waya nene, na fusible yake. Ampoules za jua ameziweka mu sanduku, ameweka za kawaida. Mwalimu Delphine alipima kila mahali na kipimo chake, akaandika kwa chaki juu ya tairi: 20/20. Ananie alicheka. Sikuwa najua ana meno mazuri vile.

Siku ya pili, tarehe 4 mwezi wa kumi na moja

Issaka anasema mataa ni maregevu.

Siku ya ine, tarehe 6

Anasema yanawaka kama yako ndani ya maziwa. Nilikaa mahali pake, nikaangalia: ukuta wa jirani ulikuwa mweupe kabisa, niliona hata sisimizi anapanda. Akasema mimi sijui magari.

Siku ya tano, tarehe 7

Aibu kubwa. Issaka alienda Mususa akamuambia Ananie, mbele ya batu, kwamba ni mwizi, kwamba ametoa ampoules nzuri akaweka za uongo ili aziuze zile. Ananie alienda mu sanduku lake, akatoa zile ampoules mbili, akaziweka mukononi mwa Issaka, akarudi ku kazi. Jirani mwenye breki njo aliyenielezea. Nilipata haya mpaka sikupita ile njia kurudi.

Siku ya kwanza, tarehe 10

Sikukubali ibaki vile. Nilimuambia Issaka twende wote, tuangalie mataa pale pale garaji, mbele ya ukuta, mu kiza ya mwanzo, na kama ni maregevu nitamuomba Ananie atengeneze tena, na kama si maregevu yeye ataomba musamaha. Delphine alikuja. Ananie alitusalimia kwa heshima, akasogeza batu, tukaelekeza gari kwa ukuta wa mbele.

Mwenye ule ukuta amechoka na batu, basi juma hili ameandika kwa rangi nyeusi, herufi kubwa kama mutoto wa miaka mitano: HAPANA KUKOJOWA HAPA HATA WEWE CHEF. Mataa yalipowaka, maandiko yakatokea yote. Delphine alianza kucheka, Ananie akafuata, na mimi nikashika mulango. Issaka naye akacheka.

Lakini alicheka nyuma yetu. Aliangalia kwanza nyuso zetu, halafu akacheka. Hakuangalia ukuta.

Nikamuambia, kwa sauti ya kawaida, "Baba Yasmine, ni chef wa wapi anasemwa pale?"

"Wa mutaa," akasema.

"Imeandikwa rangi gani?"

Akafikiri kidogo. "Nyekundu," akasema.

Delphine alikuwa ameanza kufungua kinywa, Ananie akamugusa mukono. Nikasema mataa ni mazuri, tunashukuru, tutaongea kesho. Nikamuomba Ananie aturudishe yeye mwenyewe na gari nyumbani, kwa sababu, nikasema, natamani aisikilize njiani. Aliturudisha. Alisikiliza sana, kwa mutu ambaye hakuwa na kitu cha kusikiliza.

Siku ya pili, tarehe 11

Nilingoja asubuhi, chai imenywewa.

Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Hakuniuliza tangu lini nini. Akasema tangu mwaka uliopita, labda na kabla yake. Si mugongo uliomutoa mu camion, vile alituambia sisi wote. Siku moja akitoka kupakia Kasindi alimugonga mbuzi, na convoyeur wake, musaidizi wake wa mizigo, akamuuliza kwa nini hakugonga breki, na yeye hakuwa ameona mbuzi. Alishuka, akampa tajiri mwenye camion funguo, akasema ni mugongo. Mugongo ni ugonjwa wa heshima kwa dereva.

"Na gari?" nikauliza. "Kama huoni, gari ya nini?"

Alichora juu ya meza na kidole.

"Mu camion unaketi juu, Nasiba. Barabara iko mbali kule chini. Nikaona ile gari, nikasema, mu hii barabara iko karibu. Nitaiona."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, mengine makali. Yote yalinipotea. Miezi mbili nimemuhesabu kuwa mwanaume anayecheza. Kumbe alikuwa anasogelea barabara, pole pole, kama mutu anayesogeza kiti karibu na mugonjwa.

Nikamuambia tutaenda kwa munganga wa macho. Akasema anaogopa kisu. Nikasema mimi niliogopa zaidi pale Kabasha. Hapo akainamisha kichwa.

Siku ya ine, tarehe 13

Issaka alienda Mususa kwa miguu, na chupa ya asali ya Lubero chini ya mukono. Alirudi magharibi. Hakuniambia baliongea nini. Harufu yake ilikuwa ya mafuta ya gari, na asali haikurudi.

Siku ya kwanza, tarehe 17

Munganga amesema ni cataracte, ukungu ndani ya jicho, macho yote mbili. La kuume limekomaa zaidi. Ni kazi ndogo, anasema, na baadaye ataona. Tarehe 3 ya mwezi ujao.

Na gari? Delphine njo aliuliza, mu kiwanja, baada ya kunisalimia kwa Kinande cha saa yake. "Mama Yasmine, na wewe je?"

Siku ya ine, tarehe 20

Nimejiandikisha auto-école ya Kimemi, shule ya kuendesha gari. Sisi ni banawake watatu, na mumoja ni mutawa.

Siku ya yenga, tarehe 23

Kiwanja cha mupira cha shule ya Delphine. Issaka kando yangu, macho ameyafunga, anasema kwa kweli hayana kazi. Anaendesha kwa masikio. "Kanyaga embrayage… sikia, analia, muongeze… sasa anacheka, pandisha vitesse." Nilizima moteur mara nyingi sana. Mbuzi moja ilikaa katikati ya kiwanja, ikatuzoea, haikuamuka hata nikipiga honi. Delphine alisimama ku goli kama kipa, akikimbia kila nikielekea kule.

Issaka hakunigombeza hata mara moja. Ni mwalimu muzuri. Kama ningalijua, ningalimuomba miaka makumi mbili iliyopita.

Siku ya posho, tarehe 29

Mvua. Nimeendesha mpaka Kimemi na vitenge ku kiti cha nyuma. Vinaingia, ukivikunja vizuri. Banamoto, ba pikipiki, bote balinipisha. Nafikiri balikuwa banaogopa.

Siku ya tatu, tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili

Bamemaliza. Amelala, jicho la kuume limefunikwa. Alipoingia alishika mukono wangu mpaka pete yangu ikaniumiza. Ananie alikuja hospitali na papai, akakaa saa yote bila kusema kitu, na Issaka anasema ilimusaidia sana.

Siku ya ine, tarehe 4

Asubuhi munganga alitoa bandeji. Issaka alifumba, akafumbua. Aliangalia dirisha, pazia, mikono yake yote mbili, mbele na nyuma. Halafu akaniangalia mimi, kwa muda mrefu, mpaka nikarekebisha kitambaa.

"Nasiba," akasema, "nywele zako zilianza kuwa nyeupe lini?"

Nikamuambia ni za zamani.

"Hapana, ni nzuri," akasema. Akaendelea kuangalia. Munganga alitoka nje kidogo.

Siku ya yenga, tarehe 21

Jana nimeendesha mpaka Beni.

Delphine anarudi Mbandaka kwa sikukuu, ndege yake ilikuwa ya saa ine. Tulitoka barrière ikifunguliwa. Kabasha ilikuwa imejaa ukungu mpaka mu masikio. Niliwasha mataa, yakaamuka, yakawaka, na njia ikatoka kidogo kidogo mbele yangu, muti mumoja, halafu mwingine. Pale penye kona kubwa nilishika usukani kwa nguvu zote. Issaka aliona, akaweka tu mukono wake juu ya goti langu akauondoa. Munganga hajamuruhusu kuendesha kabla ya jicho la pili kupona. Nyuma, Delphine alikuwa amelala, mugongo umekunjwa, kichwa juu ya sanduku. Mutu anayelala mu gari yako amekuamini, nikajisemea, nikapunguza mwendo.

Tulimufikisha kiwanja cha ndege na saa moja imebaki. Alinikumbatia, akasema atarudi kabla masomo hayajaanza, na kwamba ataleta samaki wa kukaushwa wa kwao, nisinunue.

Halafu Bungulu. Yasmine alisikia gari, akatoka mbio, akazunguka upande wa usukani kumukumbatia baba yake. Alikuta mimi. Alibaki pale mikono imefunguka. Mama mukwe wake naye alitoka na majirani ba kwanza, akamusalimia Issaka vile banavyosalimia badereva: pole na safari, dereva, karibu, dereva.

Issaka alishuka pole pole, akanyoosha mugongo, ule mugongo wake ambao haujawahi kuuma.

"Mama, hapana kukosea," akasema. "Dereva ni ule pale. Mimi niko convoyeur."

Akafungua nyuma, akashusha mizigo yangu yote moja moja, akaiweka mulangoni. Na kama vile convoyeur wa kweli anavyofanya camion ikisimama, akaanza kuzunguka mu uwanja akitafuta jiwe zuri la kuweka nyuma ya tairi, ingawa pale kwa Yasmine ni tambarare kabisa.